Vibao, Magofu na Ukimya: Utalii wa Urithi na Kumbukumbu ya Emmett Till katika Delta ya Mississippi

IKISIRI

Insha hii inachunguza namna vibao vya kihistoria na utalii wa urithi vinavyoathiri kumbukumbu ya harakati za kudai haki za kiraia nchini Marekani, kwa kurejelea mauaji ya Emmett Till yaliyotokea katika jimbo la Mississippi mwaka 1955. Hoja kuu ni kwamba ramani ya vibao vinavyomkumbuka Till haikuchorwa na tukio lenyewe pekee. Ilichorwa pia na mipaka ya kiutawala, umiliki wa ardhi, upatikanaji wa fedha, na simulizi ambayo wauaji waliiuza kwa jarida baada ya kuachiwa huru. Kwa sababu hiyo, ushahidi uliotolewa mahakamani na kijana Mweusi kuhusu mahali pa mauaji ulikosa nafasi katika mandhari ya kumbukumbu kwa zaidi ya nusu karne. Insha inapendekeza kwamba kibao cha kihistoria kichukuliwe kuwa waraka unaohitaji uhakiki sawa na waraka mwingine wowote wa mwanahistoria.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2018 idara za utalii za majimbo ya kusini mwa Marekani zilizindua kwa pamoja njia rasmi ya utalii inayounganisha maeneo zaidi ya 100 yanayohusiana na harakati za kudai haki za kiraia. Miongoni mwa maeneo hayo ni daraja la Edmund Pettus mjini Selma, ambako waandamanaji walipigwa na askari tarehe 7 Machi 1965, na hoteli ya Lorraine mjini Memphis, alikouawa Martin Luther King mwaka 1968, ambayo tangu mwaka 1991 ni makumbusho. Kwa mtu anayeifahamu historia ya majimbo hayo, jambo hili ni la kustaajabisha. Serikali zilezile ambazo katika miaka ya 1950 na 1960 zilitumia polisi, mahakama na sheria kuzizima harakati, leo zinawaalika wageni kuja kuziona nyayo zake.

Mabadiliko hayo yamekuja kwa kusuasua. Kwa muda mrefu nafasi za wazi mbele ya majengo ya mahakama ya kusini zilitawaliwa na sanamu za wanajeshi wa majimbo yaliyojitenga katika vita vya 1861 hadi 1865. Daraja la Selma lenyewe limebeba jina la jenerali wa jeshi hilo. Mjini Montgomery, vibao vilivyoeleza biashara ya watumwa iliyofanyika katikati ya mji viliwekwa mwezi Desemba 2013 tu, kwa juhudi za shirika lisilo la kiserikali la Equal Justice Initiative, ilhali kumbukumbu za majimbo yaliyojitenga zilikuwa zimetapakaa mjini humo kwa miongo mingi.

Swali linaloongoza insha hii si kama ni vizuri kuweka vibao au la. Swali ni hili: kibao kinapowekwa, ni nguvu zipi zinazoamua kisimame wapi na kiseme nini? Mfano wa Emmett Till umeteuliwa kwa sababu vibao vyake ni vingi, vimegombaniwa sana, na baadhi ya mambo vinavyoyaeleza yanaweza kulinganishwa na ushahidi uliotolewa chini ya kiapo. Data imetokana na maandiko yaliyochapishwa na kumbukumbu za umma.

2.0 Mihimili ya Kinadharia

Insha inaongozwa na mawazo ya wataalamu watatu. Wa kwanza ni Maurice Halbwachs, aliyeonesha kwamba kumbukumbu ya mtu binafsi hujengwa ndani ya mifumo ya jamii, na kwamba jamii huhitaji mahali pa kuiegemeza kumbukumbu yake ili isipotee. Wa pili ni Michel-Rolph Trouillot, ambaye katika kazi yake ya mwaka 1995 alieleza kuwa ukimya huingia katika historia katika hatua nne: pale vyanzo vinapoundwa, pale kumbukumbu zinapohifadhiwa, pale masimulizi yanapotungwa, na pale historia inapopewa umuhimu wake wa mwisho. Kibao cha kihistoria huonekana kuwa ni cha hatua ya mwisho, lakini, kama itakavyodhihirika, hurithi ukimya wa hatua zote zilizotangulia.

Wa tatu ni Jacquelyn Dowd Hall, aliyehoji mwaka 2005 kwamba masimulizi yaliyozoeleka yanazifinya harakati ndani ya muda mfupi unaoanzia hukumu ya mwaka 1954 iliyopiga marufuku ubaguzi katika shule na kuishia katika sheria za miaka ya 1964 na 1965. Masimulizi ya namna hiyo huwa na mwanzo, mashujaa na ushindi, na kwa hiyo humfaa sana mtalii. Kisichoingia humo ni madai ya ardhi, ujira na makazi, ambayo hayakupata ushindi wa aina hiyo.

Katika uchunguzi wa mfano huu mahususi, insha inamtegemea pia Dave Tell, ambaye kazi yake ya mwaka 2019 kuhusu kumbukumbu ya Till imefuatilia kwa makini uhusiano uliopo kati ya umaskini wa Delta na vibao vyake. Insha inakubaliana naye kwamba fedha na jiografia havitenganishiki na kumbukumbu. Inaongeza kwamba athari ya mambo hayo hupimika vizuri zaidi tunapoulizia hatima ya ushahidi wa mashahidi Weusi.

3.0 Tukio na Vyanzo Vyake

Emmett Till alikuwa na umri wa miaka 14 alipotoka Chicago mwezi Agosti 1955 kwenda kuwatembelea jamaa zake karibu na kijiji cha Money, Mississippi. Baada ya kuingia katika duka la familia ya Bryant na kudaiwa kumkosea heshima mwanamke wa Kizungu aliyekuwa akiuza, alichukuliwa kwa nguvu usiku wa kuamkia tarehe 28 Agosti kutoka nyumbani kwa babu yake mdogo, Moses Wright. Mwili wake uliopolewa katika mto Tallahatchie tarehe 31 Agosti ukiwa umefungiwa feni nzito ya kinu cha kuchambulia pamba. Mama yake, Mamie Till-Mobley, aliamua jeneza liachwe wazi wakati wa maombolezo mjini Chicago, na picha zilizochapishwa katika magazeti ya Wamarekani Weusi ziliushtua umma.

Kesi dhidi ya Roy Bryant na J. W. Milam ilisikilizwa mwezi Septemba katika mji mdogo wa Sumner. Moses Wright alisimama mbele ya mahakama na kuwaonesha kwa kidole watu waliomchukua kijana wake, kitendo ambacho kwa mtu Mweusi katika Mississippi ya wakati ule kilikuwa sawa na kuuweka uhai rehani. Willie Reed, kijana wa miaka 18, alieleza kwamba alimwona Till nyuma ya gari pamoja na watu kadhaa, kisha akasikia sauti za kipigo kutoka katika banda lililokuwa chini ya usimamizi wa ndugu yake Milam, karibu na mji wa Drew katika Kaunti ya Sunflower. Jopo la raia 12, wote wanaume Weupe, liliwaona washtakiwa hawana hatia baada ya kujadiliana kwa muda wa saa moja na dakika chache. Wright na Reed wote wawili walilazimika kuihama Mississippi.

Mwezi Januari 1956 jarida la Look lilichapisha makala ya William Bradford Huie ambamo Bryant na Milam, waliolipwa fedha na ambao kisheria hawakuweza tena kushtakiwa kwa kosa lilelile, walikiri kuua. Makala hiyo iliwataja wauaji wawili tu. Kipigo kiliwekwa katika kibanda nyumbani kwa Milam huko Glendora, na mauaji yakawekwa kando ya mto. Banda la Drew halikutajwa. Sababu yake si ngumu kuiona. Kulitaja banda kungemaanisha kuwataja watu wengine waliohusika, ambao hawakuwa wamefikishwa mahakamani na ambao bado wangeweza kushtakiwa.

Kwa hiyo, kufikia mwaka 1956 palikuwa na jiografia mbili za mauaji haya. Moja ilitokana na ushahidi wa kijana Mweusi aliyeapa mahakamani. Nyingine ilitokana na maneno ya wauaji waliolipwa. Iliyosambaa ni ile ya pili, na kwa miongo kadhaa waandishi waliitumia kana kwamba kukiri kosa kunatosha kuyafanya maelezo yote ya mkosaji kuwa ya kweli. Uchunguzi uliofunguliwa upya na FBI mwaka 2004 ndio ulioupa uzito mpya ushahidi wa Reed.

4.0 Vibao na Mantiki Yake

Kwa karibu nusu karne jimbo la Mississippi halikumwekea Till alama yoyote. Mwaka 2005 sehemu ya barabara kuu inayopita katika Delta ilipewa jina lake. Muda mfupi baadaye iliundwa Tume ya Kumbukumbu ya Emmett Till katika Kaunti ya Tallahatchie, kwa uongozi wa Jerome Little, Mtu Mweusi wa kwanza kuwa mwenyekiti wa baraza la kaunti hiyo. Tarehe 2 Oktoba 2007 tume hiyo, iliyojumuisha wakazi Weusi na Weupe, ilisoma tamko la kuiomba radhi familia ya Till mbele ya mahakama ya Sumner, na mwaka 2008 ikaweka vibao katika maeneo kadhaa ya kaunti. Sehemu hii inajadili maeneo matatu ambayo kwa pamoja yanadhihirisha nguvu zilizo nyuma ya vibao.

4.1 Graball Landing: kibao kinachopigwa risasi

Graball Landing ni ukingo wa mto panapoaminika kuwa ndipo mwili wa Till ulipoopolewa. Kibao cha kwanza kiliwekwa hapo mwaka 2008, kikang'olewa na kutupwa mtoni. Cha pili kilitobolewa kwa risasi hadi maandishi yake yakawa hayasomeki vizuri. Cha tatu kiliwekwa mwaka 2018, na haikupita miezi miwili kabla hakijapigwa risasi nacho. Mwezi Oktoba 2019 kiliwekwa cha nne, cha chuma kisichopenya risasi, chenye uzito wa zaidi ya kilo 200.

Mfuatano huu unabatilisha dhana kwamba kibao hueleza mambo yaliyokwisha. Waliokifyatulia risasi hawakuwa wakibishana na wasomi kuhusu usahihi wa maandishi. Walikuwa wakiwaambia majirani zao ni nani mwenye mamlaka ya kuzungumza katika ardhi ile. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni jibu la tume. Maandishi ya kibao cha nne hayakuishia kusimulia mwaka 1955, bali yaliongeza historia ya kuharibiwa kwa vibao vilivyotangulia. Kimojawapo cha vibao vilivyotobolewa, chenye matundu 317, kilioneshwa mwaka 2021 katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani mjini Washington. Kwa njia hiyo, kitu kilichotengenezwa ili kifafanue chanzo cha kihistoria kikawa chenyewe chanzo cha kihistoria.

4.2 Money: duka na kituo cha mafuta

Duka la Bryant lilifungwa muda mfupi baada ya kesi kwa kuwa wateja wake Weusi walilisusa. Kwa miaka mingi jengo hilo limekuwa gofu lililotambaliwa na mimea, likimilikiwa na familia ya mmoja wa wajumbe wa jopo lililowaachia huru washtakiwa. Mwaka 2011 jimbo liliweka mbele yake kibao cha kwanza cha Njia ya Uhuru ya Mississippi, na mwaka 2017 kibao hicho kikakwanguliwa na kubanduliwa picha na maandishi. Mwaka huohuo wa 2011, kama anavyoeleza Tell, kituo cha mafuta kilichopakana na duka kilikarabatiwa kwa ruzuku ya zaidi ya dola 200,000 kutoka katika fungu la jimbo lililotengwa kwa ajili ya maeneo ya kihistoria ya haki za kiraia.

Kituo hicho hakikuwa na nafasi yoyote katika mkasa wa Till. Mtalii anayefika Money hukuta jengo safi, lililopakwa rangi, linalomrudisha katika miaka ya 1950 yenye utulivu, na pembeni yake gofu ambalo ndilo hasa lililomleta. Hapa fedha za kuhifadhi kumbukumbu zilikihifadhi kitu kisichokumbusha lolote. Hakuna sheria iliyovunjwa na hakuna hati iliyofutwa. Ilitosha tu kwamba mwenye gofu ana haki ya kutolikarabati, na kwamba masharti ya ruzuku yalikuwa mapana. Ukimya anaouzungumzia Trouillot mara nyingi hupatikana kwa taratibu halali za namna hii.

4.3 Drew: banda lisilo na kibao

Eneo la tatu ni lile ambalo halikuwekewa kibao. Tume iliyoweka vibao mwaka 2008 ilikuwa chombo cha Kaunti ya Tallahatchie, na banda alilolitaja Willie Reed limo katika Kaunti ya Sunflower. Tume haikuwa na mamlaka wala bajeti nje ya mpaka wake. Aidha, simulizi ya Huie, iliyoweka kipigo Glendora na mauaji kando ya mto, ilikubaliana vyema na mpaka huo, kwa kuwa Glendora imo ndani ya Tallahatchie. Matokeo yake, mtalii aliyefuata vibao hivyo alitembea, pasipo kujua, katika njia iliyokaribiana mno na ile iliyochorwa na wauaji mwaka 1956.

Hata tarehe 25 Julai 2023, Rais Joe Biden alipotangaza eneo la kumbukumbu la taifa kwa heshima ya Emmett Till na Mamie Till-Mobley, maeneo yaliyojumuishwa yalikuwa matatu: Graball Landing, mahakama ya Sumner, na kanisa la Roberts Temple mjini Chicago, ambako maombolezo yalifanyika. Duka na banda havikuwamo. Sheria ya mwaka 1906 inayompa rais mamlaka hayo huhusu ardhi iliyo mikononi mwa serikali ya taifa, na ardhi ya mtu binafsi haiingii pasipo mwenyewe kuitoa. Hivyo, maeneo mawili ambayo ndipo mkasa ulipoanzia na ambapo kijana huyo aliteswa yalibaki nje ya tangazo hilo.

5.0 Utalii, Umaskini na Mipaka ya Simulizi ya Ushindi

Delta ya Mississippi ni miongoni mwa sehemu maskini kabisa za Marekani. Mashine za kuvuna pamba ziliwaondolea kazi maelfu ya vibarua kuanzia katikati ya karne ya 20, na miji midogo kama Glendora ikabaki na wakazi wachache na ajira haba. Katika mazingira hayo kumbukumbu ni rasilimali. Glendora ina makumbusho ya Till ndani ya kinu cha zamani cha pamba, na huko Sumner ukarabati wa mahakama, iliyorejeshwa katika sura yake ya mwaka 1955, uliambatana na kazi ya tume. Tell anaonesha kuwa jengo hilo lilikuwa limechakaa, na kwamba jina la Till liliifungulia kaunti milango ya ruzuku ambayo isingeipata kwa njia nyingine.

Ingekuwa rahisi kulichukulia jambo hili kuwa ni biashara ya msiba. Insha hii haikubaliani na hukumu hiyo ya haraka. Wakazi Weusi wa Tallahatchie walioitaka mahakama ikarabatiwe walihitaji pia mahali pa kupatia huduma na haki zao za kila siku, na hakuna sababu ya kudai kwamba kumbukumbu safi ni ile isiyomnufaisha maskini. Tatizo lipo kwingine. Pale ambapo uhai wa mji hutegemea mgeni, kila mji huhitaji kipande chake cha mkasa, na ushindani wa maeneo huanza kuamua maswali ambayo yangepaswa kuamuliwa na ushahidi.

Tatizo la pili ni aina ya historia inayokubali kuwekewa kibao. Kifo kina mahali na tarehe. Kazi ya kuwaandikisha wapiga kura nyumba kwa nyumba, ambayo Robert Moses aliianza katika mji wa McComb, Mississippi, mwaka 1961, haina jengo moja la kuelekezea kidole. Moses, ambaye baadaye aliishi na kufundisha hisabati nchini Tanzania kabla ya kurejea Marekani mwaka 1976, alisisitiza uongozi wa watu wa kawaida badala ya shujaa mmoja. Urithi wa namna hiyo haupatani kwa urahisi na njia ya utalii inayotoka kwenye sanamu moja kwenda nyingine.

Mvutano huu ulijitokeza pia Memphis. Mwaka 1988 mpangaji wa mwisho wa hoteli ya Lorraine alitolewa kwa nguvu ili jengo liwe makumbusho, naye akabaki ng'ambo ya barabara kwa miaka mingi akipinga, akidai kwamba fedha hizo zingejenga makazi ya maskini na kumuenzi vyema zaidi King, ambaye alikuja Memphis kuwaunga mkono wafanyakazi wa usafi waliogoma. Mtu anaweza kutokubaliana naye kuhusu makumbusho, lakini dai lake linagusa kile Hall anachokiita kufinywa kwa harakati: ujira na makazi vilikuwa ajenda ya King mwaka 1968, na ni rahisi kuvisahau mtu anapotazama roshani alipouawa.

Mfano unaokaribia kuwa tofauti ni ule wa Montgomery, ambako tarehe 26 Aprili 2018 ilifunguliwa kumbukumbu ya taifa ya wahanga wa mauaji ya umati yasiyo na hukumu. Zaidi ya nguzo 800 za chuma, kila moja ikiwakilisha kaunti, zina majina ya wahanga walio miongoni mwa zaidi ya 4,400 waliothibitishwa. Nakala za nguzo hizo zilitengenezwa ili kaunti husika zije kuzichukua na kuzisimamisha kwao. Kwa mpango huo, mpaka wa kaunti, ambao katika mfano wa Till uliutenga ukweli, unatumiwa kuidai kila kaunti ikubali sehemu yake. Kaunti isiyokuja kuchukua nguzo yake huonekana kwa kutokuja kwake.

6.0 Hitimisho

Insha imeonesha kuwa vibao vya kihistoria na utalii wa urithi vimeirejesha kumbukumbu ya Emmett Till katika mandhari ambayo iliikataa kwa karibu nusu karne, na kwamba mafanikio hayo yalipatikana kwa ujasiri wa wakazi wa Delta walioendelea kusimamisha vibao vilivyoendelea kupigwa risasi. Imeonesha pia kuwa vibao hivyo viliwekwa palipokuwa na mamlaka, fedha na ridhaa ya mwenye ardhi. Pale mambo hayo yalipokosekana, ushahidi haukutosha peke yake. Wauaji walipata jarida la kuchapisha simulizi yao, na simulizi hiyo ikapata barabara. Willie Reed alisema alichokiona mbele ya watu walioweza kumuua, na banda lake likakaa miongo mingi bila hata neno moja mlangoni.

Kutokana na matokeo haya, mambo mawili yanapendekezwa kwa watafiti. Kwanza, kibao kihakikiwe kama waraka: nani alikiandika, lini, kwa fedha za nani, na kwa kutegemea ushahidi upi. Pili, ramani za urithi zisomwe sambamba na kumbukumbu za mahakama na ushuhuda wa walionyamazishwa, ili tofauti kati ya maeneo yaliyowekewa alama na yale yaliyotajwa na mashahidi ichukuliwe kuwa data ya utafiti. Katika mfano uliojadiliwa hapa, umbali mfupi uliopo kati ya Sumner na Drew unaeleza mengi kuhusu haki za kiraia kuliko vibao vilivyoko kila upande.